Ndege Waliyotuletea Same

Jumapili ile tulianza kushuka kutoka Chome ukungu haujaondoka. Mlima wetu, kupanda ni kazi ya kifua, kushuka ni kazi ya magoti, na goti langu la kushoto lilirudi kutoka vitani Bama likiwa bovu. Kila penye mawe wanawake walinisubiri. Walikuwa watatu. Mke wangu Eshi alikuwa amejitwika sufuria ya makande iliyofungwa kwa kanga. Shemeji yangu Naeli, mjane wa kaka yangu Eliya, alivaa gauni la kanisani na kushika viatu mkononi visije vikachakaa njiani. Binti yake, Nanzia, alikuwa ametangulia mbali sana, tukawa tunakiona kilemba chake tu kwenye kona.

"Huyo anakimbilia nini?" nikauliza.

"Anakimbilia ndege," Eshi akasema. "Wewe kimbilia kivuli chako."

Mbiu ilikuwa imepigwa sokoni Makanya na Hedaru, na kwetu juu ikasomwa nje ya kanisa. Serikali imeleta makumbusho ya ndege za vita kwa garimoshi kutoka Tanga. Yatakaa Same juma zima kabla ya kupelekwa Moshi. Familia za askari wa zamani zitaingia bure na kupewa nafasi ya mbele. Mimi nilisema siendi.

"Ndege nimeziona."

"Umeziona wewe," Eshi akanijibu. "Sisi tumezisikia kwako tu, na kila ukizisimulia umenuna."

Lakini aliyenitoa nyumbani si Eshi, ni Nanzia. Alikuja akasimama mlangoni akasema, "Baba mdogo, nataka kukiona kile kilichomuua baba." Baba yake alimwacha tumboni.

Kaka yangu Eliya alikufa Bama kwa bomu la ndege ya upande wetu wenyewe. Hilo halina ubishi. Ubishi ni kosa lilikuwa la nani. Vita vilipokwisha alipita kwetu sajini mmoja akifuatana na karani, akawaambia wazee kwamba Eliya alikuwa mzembe, hakutandika ishara ya kuijulisha ndege, akajiua na kuwaua wenzake. Wakati huo mimi nilikuwa bado hospitali ya jeshi na goti langu. Niliporudi na kusema ukweli nilikuta uongo umeshaota mizizi. Mama yetu alikufa akiwa ameuamini. Watoto kisimani walimwita Nanzia "binti wa asiyetandika." Nilipeleka shauri boma la Same, karani hata kiti hakunipa. "Vita havishtakiwi," akasema. Basi shauri langu nikarudi nalo mlimani.

Makanya tulipata lori la mawe ya chokaa, tukafika Same tumekuwa weupe kama waliomwagiwa unga. Karibu na stesheni walikuwa wamesimamisha turubai kubwa kuliko kanisa letu. Foleni ilikuwa ndefu. Nyuma yetu alisimama Msambaa mmoja, mtani wetu, mfanyakazi wa reli, na yeye hakuweza kunyamaza.

"Wapare mmeshuka wengi leo. Ndege imefanya nini, mje kuishtaki?"

"Tukiishtaki tutashinda," Eshi akamjibu. "Sisi mashahidi wetu hawanunuliwi kwa maembe."

Watu wakacheka, na hata Naeli alicheka kidogo. Akavaa viatu vyake.

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya rangi mbichi. Ndege ilisimama katikati, mabawa yake yamekazwa kwa boliti mpya. Chini ya tumbo walikuwa wamepanga mabomu matupu, yamepakwa rangi ya kijani. Juu ilining'inia miavuli ile ya kudondoshea chakula. Nilihisi goti linataka kukimbia peke yake. Nanzia alipita kamba waliyoizungushia, akaweka kiganja kwenye bawa, akaligonga kwa vidole.

"Ni bati," akasema. "Ni bati tu, baba mdogo."

Nikamrudisha kabla hajakemewa. Hapo ndipo nilipomwona mtu mwenye fimbo.

Alikuwa amenenepa, kaki yake imepigwa pasi na nishani zimepangwa kifuani. Nyuma yake, kwenye kiti cha turubai, alikaa Mzungu kijana mwenye dhamana ya maonyesho. Mwenye fimbo ndiye aliyeeleza watu. Sauti yake niliijua kabla ya sura. Alikuwa Sajini Daudi, mtunza ghala wa kikosi chetu Bama, na ndiye aliyekuja kwetu na ule uongo.

Miguuni pake, kwenye udongo uliofagiwa, walikuwa wametandika vitambaa vitatu virefu, vyeupe, vyenye mstari mwekundu pindoni. Vilikuwa vimepangwa kama mshale.

"Mnaona hivi, ndugu zangu?" akaanza. "Rubani akiwa juu haoni sura ya mtu. Haoni huyu mweusi, huyu Mjapani. Anaona vitambaa. Viwili vingekuwa kitu kingine. Vitatu namna hii maana yake, hapa chini ni watu wetu. Sasa kulikuwa na koplo mmoja, wa wilaya hii hii, sitamtaja. Alikutwa amekufa na kitambaa mkononi. Mkononi! Hakutandika. Ndege ya kuwaokoa ikawamaliza. Uvivu, ndugu zangu, unaua kuliko bomu."

Naeli aliinamia viatu vyake. Nanzia hakuinama. Alinitazama mimi.

Nieleze ilivyokuwa, na kwa majina ya wenye kosa.

Wa kwanza ni Jumbe Sempombe. Kaka yangu alikuwa mshika zamu wa ndiva ya ukoo wetu, lile bwawa tunalokinga maji usiku ili asubuhi yagawanywe mashambani kwa mfereji. Asubuhi moja tulikuwa tunazibua tope kwenye mfereji, watu wengi, tunaimba, akaja jumbe na watu wake kutaka maji ya migomba yake siku isiyo zamu yake. Eliya akaweka kizibo mbele ya macho yake. "Maji hayamjui jumbe," akasema. Watu wakacheka mpaka majembe yakawatoka. Mwezi haukuisha, serikali ikataka vijana wa vita, na wa kwanza kutolewa kijijini kwetu akawa Eliya, aliyekuwa na mke mwenye mimba. Mimi nilimfuata kwa kuwa mama alisema asiende peke yake.

Kikosi chetu hakikuwa cha bunduki. Tulikuwa wabebaji na wakata njia. Mvua ya Bama sitaieleza, maana asiyeipata atadhani natia chumvi. Tope lilivua watu viatu. Ruba waliingia mpaka masikioni. Ndege ndizo zilizotulisha, na ndege nyingine ndizo zilizotangulia kupiga mabomu msituni. Kila asubuhi ilikuwa kazi ya Eliya kutandika vitambaa vitatu mahali peupe. Kwa kuwa tope liliviharibu upesi, kila kikosi kilipewa vingine vya akiba, pamoja na bafta ya kuzikia wafu. Vyote vilikuwa mikononi mwa Daudi, naye ndiye wa pili.

Daudi aliviuza. Ng'ambo ya mto kulikuwa na vijiji, akavibadilisha kwa tumbaku, kuku na pombe ya mchele. Mimi sikuhadithiwa. Niliwaona wanawake wa kule wakipita na mizigo yao, wamejifunga nguo nyeupe yenye mstari mwekundu pindoni.

Katika kikosi tulikuwa na Shabani wa Makanya. Huyo alikuwa mcheshi, na kazi yake ilikuwa kutuchokoza sisi wa mlimani.

"Nyinyi watu wa juu," alimwambia Eliya, "mfereji mnaanza kunywa nyinyi. Sisi wa chini tunakunywa mliyonawia miguu."

"Ndiyo maana mna akili," Eliya alimjibu. "Mmekunywa akili za miguu yetu."

Walikula sahani moja, Mkristo na Mwislamu, na walipolala mmoja alimgeuzia mwenzake mgongo apate joto.

Homa ikamshika Shabani. Siku ya mwisho akasema kitu kimoja tu: "Eliya, wasinifukie na kaptura ya Mwingereza. Mama yangu ataniuliza." Alasiri akafa.

Eliya akaenda ghalani kuomba bafta. Nilikwenda naye.

"Imekwisha," Daudi akasema.

"Imekwishaje, afande? Wiki hii hatujazika mtu."

"Koplo, umekuja kunihoji?"

Eliya akarudi, akatwaa kitambaa kimoja kati ya vile vitatu vya ndege, kipya kabisa. Walikuwapo Waislamu wawili wa Tanga. Wakamwosha Shabani kwa maji ya mvua, wakamvika, wakamsalia. Sisi tukachimba. Mtu mmoja akauliza, na ndege je? Eliya akasema, "Hatumfukii mtu wa kwetu kama mbwa. Kitambaa kingine kipo ghalani." Akarudi kwa Daudi, akasimama wima, akatoa taarifa kama inavyotakiwa. "Afande, kitambaa kimoja cha ishara nimekizikia maiti. Naomba cha akiba kabla ya alfajiri."

"Asubuhi," Daudi akasema.

Hakuwa na cha kuleta asubuhi. Lakini angesema hana, ghala lingefunguliwa na kukaguliwa. Kwa hiyo alimpelekea taarifa Kapteni Hobisi, tulivyokuwa tukilitamka jina lake, kwamba ishara zote ziko sawasawa. Huyo ndiye wa tatu. Sheria ilikuwa kapteni atoke kila asubuhi avione vitambaa kwa macho yake. Hobisi hakupenda tope. Alibaki hemani, akapeleka habari kwa simu ya upepo kwamba mahali petu pana alama, basi rubani akaambiwa apige popote pasipo na vitambaa vitatu. Mkubwa yule alizikagua alama zetu akiwa kitandani.

Asubuhi Eliya alitandika vitambaa viwili. Mahali pa cha tatu akaunganisha fulana zetu. Mvua ilikuwa imezifanya rangi ya tope. Tukamngoja Daudi.

Tukasikia ndege.

Ilipita mara ya kwanza juu sana. Mtu mmoja akapiga makofi, akidhani ni ya mkate.

Ikageuka.

Eliya alikuwa ameijua. Aliinama, akang'oa kitambaa kimoja chini, akakimbilia mahali peupe.

Kwetu mtu wa chini akitaka ndiva ifungwe hapigi kelele, maana hatasikika. Anasimama waziwazi na kupepea nguo juu ya kichwa, kulia, kushoto, kulia, mpaka mwenye ndiva amwone na kuweka kizibo. Ishara hiyo Eliya aliitii tangu utoto, na leo alikuwa akiitoa. Alikuwa anamwambia rubani afunge.

Rubani hakuzaliwa Chome.

Nilimwona anapepea. Sikumwona anaanguka.

Nilipopata fahamu nilikuwa shimoni na goti hili. Waliokota wafu na vipande. Kwenye mkono wa kaka yangu wakakuta kitambaa, na Daudi ndiye aliyekuwa wa kwanza kukionyesha kwa wakubwa.

Basi pale Same, chini ya turubai, niliposikia "mkononi!" nilipita kamba.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mdogo wake yule usiyemtaja."

Akanitambua. Fimbo ikashuka. "Bwana, vita vimekwisha," akasema kwa sauti ya chini. "Hapa tunaelimisha watu."

"Nami ni mtu, nielimishe. Vitambaa vya akiba vilikuwa wapi?"

"Vilichukuliwa na mvua."

"Na bafta ya wafu?"

"Mvua. Mvua ilikuwa kubwa, wewe mwenyewe unajua."

Nyuma, yule Msambaa akapaza sauti: "Mvua hiyo ilikuwa na cherehani?"

Watu wakacheka, na mimi nikapata nafasi. Nikasema yote. Nikamtaja Sempombe, nikamtaja Hobisi, nikamwonyesha Daudi kwa kidole. Nikaeleza wanawake wa ng'ambo ya mto na mstari mwekundu. Mzungu kijana akainuka, akamuuliza karani wake mimi nasema nini. Karani akamjibu, na kwa Kiingereza changu cha jeshini nililielewa jibu: anaishukuru serikali kwa maonyesho. Mzungu akanitikisia kichwa kwa furaha, akakaa.

Nilipomtaja Shabani na kitambaa chake, bibi mmoja aliyekaa mbele kati ya familia za askari akasimama. Alikuwa amejitanda kanga, amemshika mjukuu begani.

"Shabani yupi?"

"Wa Makanya, mama. Alikuwa na kovu kwenye nyusi."

"La punda," akasema. "Alipigwa teke na punda."

"Ndiye."

Alikuwa Bi Mwanaidi, mama yake. Niliporudi kutoka vitani nilimtafuta Makanya, nikaambiwa alihamia kwa binti yake Pangani, na tena kwamba ameshafariki. Kumbe alikuwa amerudi, akawa anakaa Hedaru kwa mwanawe mwingine mwenye duka. Alinikaribia mpaka nikaona mboni zake zilivyofifia.

"Kumbe mwanangu alizikwa na nguo?"

"Nyeupe, mama. Mpya. Wakamwosha, wakamsalia. Mimi nilichimba."

Akakaa chini pale pale, juu ya ncha ya ule mshale wao mweupe.

"Mama, usikanyage vitambaa," Daudi akasema.

Hakuinuka. Hata hakugeuka kumtazama.

"Waliniletea habari ya homa tu," akasema. "Hakuna aliyeniambia kazikwaje. Miaka yote hii namwota yuko uchi, ananificha uso."

Nanzia akachuchumaa mbele yake. "Aliyempa ni baba yangu," akasema. "Yeye ndiye yule koplo."

Bi Mwanaidi akamshika mikono yote miwili. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Na yeye?" akauliza. "Baba yako alivikwa nini?"

Nanzia akanigeukia. Naeli naye. Swali hilo mjane wa kaka yangu hakuwahi kuniuliza.

"Hakubaki wa kuvikwa, mama," nikasema.

Bi Mwanaidi akavua ile kanga aliyojitanda. Akaitazama, akaona haina pa kwenda, akamfunika nayo Nanzia mabegani.

Baada ya hapo wakaja matarishi wawili, wakanitoa kwa adabu, maana Mzungu alikuwa amepewa habari kwamba mimi ni rafiki wa serikali. Tulikula makande nyuma ya stesheni. Naeli alivua viatu akakaa navyo mapajani. Ndani tulimsikia Daudi ameanza upya na kundi jingine: "Mnaona hivi, ndugu zangu?" Sehemu ya koplo hakuisema. Eshi akasema, "Umeona? Amenyamaza." Nikamwambia ananyamaza leo, kesho kutwa yuko Moshi, na Moshi hawatujui.

Watu wa kwetu waliniambia niridhike. Jina limesafishwa, wakasema, watu wameusikia ukweli. Sikatai, siku hizi kisimani hawamwiti Nanzia jina lile. Lakini mama yangu hakuwapo Same. Yeye aliingia kaburini na aibu isiyo yake, na hakuna turubai wala mbiu itakayomfikia. Bi Mwanaidi sasa analala usingizi, na namtakia usingizi huo. Sisi kwetu panapolala wafu wa ukoo, kila mmoja ana mahali pake, ila kaka yangu. Jumbe Sempombe alikufa kitandani kwake, ameshiba, na migomba yake inapata maji. Hobisi alirudi kwao. Daudi ana nishani, na nasikia ana shamba zuri. Kaka yangu alitoa kitambaa kimoja bila kupokea kitu, na ndiye aliyehukumiwa.

Mwaka juzi walikuja wazee kutoka Suji kumposa Nanzia. Wakakaa, wakasalimu, wakazunguka na maneno ya mvua na mahindi, mpaka mmoja wao, mzee wa haki, akauliza kwa heshima baba yake binti alikufaje huko vitani. Hilo lilikuwa swali la mimi kujibu. Nilikohoa ili nianze. Nanzia alikuwa ameingia na birika la chai.

"Alimzika mtu wa Makanya," akasema.

Wazee wakangoja aendelee. Hakuendelea. Aliwamiminia chai mmoja mmoja, kuanzia kwa mkubwa, akatoka. Mimi nilikuwa na majina matatu mdomoni, na siku ile, kwa ajili yake, niliyameza. Ndiyo haya niliyoandika.